Nani kabonyeza, nani kachagua: warsha za picha za watu wasio na makazi

Kwa Kiswahili picha hupigwa. Yupo mpiga na yupo mpigwa, na lugha yetu haimfichi huyu wa pili. Hata hivyo, kwenye studio za mtaani mpigwa ndiye bosi. Miaka ya 1990, pale kwenye feri ya Likoni, Mombasa, vibanda vya picha vilikuwa na mapazia yaliyochorwa ndege, meli na majumba. Mteja aliingia, akachagua pazia, akanyoosha kola, akaamua kama atasimama au atakaa, akalipa, akaondoka na picha yake. Mpiga picha akileta ujuaji, mteja alihamia kibanda cha pili.

Mtu anayelala nje hawi mteja wa picha yake. Hupigwa akiwa usingizini, au amenyoosha mkono, au anakula. Picha huondoka na mwenye kamera, ikatokea gazetini, kwenye bango la kuchangisha fedha au kwenye maonyesho, na mara nyingi mwenye sura yake ndiye wa mwisho kuiona, ikiwa ataiona. Warsha za picha zinazofanywa na watu wasio na makazi zilianza kama jaribio la kugeuza mpangilio huu: mpigwa apewe kamera. Kwa maelezo ni jambo jepesi. Kwa vitendo lina mafundo mengi, na mengi kati yake hayako kwenye kamera.

Kwanza, mambo yalikotoka. Mwaka 1877 jijini London, John Thomson, mpiga picha kutoka Scotland, alitoa mfululizo wa picha za maisha ya barabarani. Mojawapo inamwonyesha mwanamke aliyejikunja kwenye ngazi za mlango, mtoto mchanga kifuani. Ukiitazama bila maelezo utasema ni mama na mwanawe. Kumbe mtoto ni wa mwanamke mwingine aliyekwenda kibaruani, na huyu analipwa chai na mkate kwa kumlea. Anafanya kazi. Picha peke yake haisemi hivyo, na yeye hakuwa na pa kusemea.

Mwaka huohuo Dkt. Thomas Barnardo, aliyeendesha makao ya watoto mashariki mwa London, alifikishwa mbele ya wasuluhishi kwa tuhuma kadhaa. Mojawapo ilihusu kadi za picha alizouza kuchangisha fedha: mtoto yuleyule "kabla", akiwa na matambara, na "baada", msafi na ana kazi. Ilibainika kwamba baadhi ya picha zilikuwa zimetengenezwa, hali ya mtoto ikiongezwa chumvi ili imguse mchangiaji. Wasuluhishi walimsafisha kwa mengi lakini hawakuupenda mchezo huo, naye akaachana nao. Wengine hawajaachana nao. Pita ofisi yoyote yenye vipeperushi vya misaada, iwe Geneva au Dodoma, utakutana na "kabla" na "baada" wakiwa wamekaa bega kwa bega.

Kugeuza kamera kulianza sehemu mbalimbali kwa nyakati zinazokaribiana. Mwaka 1989 huko Washington, Jim Hubbard, mpiga picha wa habari aliyekwisha kupiga sana picha za familia zisizo na makazi, alianza kuwafundisha watoto wa familia hizo wapige wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Caroline Wang na Mary Ann Burris walifanya kazi na wanawake 62 wa vijijini katika jimbo la Yunnan, China. Kutokana na kazi hiyo waliandika utaratibu unaojulikana leo kama photovoice, yaani kusema kwa picha. Baadaye Wang aliupeleka kwa watu waliokuwa wakiishi kwenye hosteli za wasio na makazi huko Ann Arbor, Michigan. Huko Vancouver, Canada, mwaka 2003 shirika la wanasheria liitwalo Pivot Legal Society liligawa kamera kwa wakazi wa Downtown Eastside, mtaa ambao magazeti yalikuwa yameshauzoea kwa picha za sindano na vichochoro. Kutokana na picha za wakazi ikatengenezwa kalenda, na wakazi wenyewe wakaiuza barabarani.

Nairobi haikungoja Vancouver. Mwaka 1997, Mathare, Lana Wong alianza kazi ya picha na vijana zaidi ya 30 wa chama cha michezo cha MYSA, kwa kamera rahisi za plastiki. Walipiga, na waliandika pia. Nitarudi Mathare baadaye, maana kuna jambo pale ambalo miradi mingi ya Ulaya hulikosa.

Kiboksi chenye picha 27

Kamera zinazogawiwa kwenye warsha hizi mara nyingi ni zile za kutumia mara moja. Ni kiboksi cha plastiki chenye lenzi isiyorekebishika, filamu ya picha 27 na flashi ambayo nguvu yake huishia kama mita tatu. Simu ya bei ya chini kabisa siku hizi inakizidi. Basi kwa nini kitumike?

Bei ni sababu, lakini ipo nyingine: hakiuziki. Anayelala kwenye kibaraza cha duka huku amebeba kamera ya maana amebeba sababu ya kuporwa. Kiboksi cha plastiki hakuna anayekitaka. Halafu kinawasawazisha watu, kwa kuwa aliyewahi kusomea picha na asiyewahi kushika kamera wanapata lenzi ileile mbovu. Sababu ninayoiona kubwa zaidi ni kwamba huoni ulichopiga wala huwezi kufuta. Una nafasi 27. Unasimama, unafikiri, unabonyeza, unasogeza gurudumu kwa kidole gumba, unasikia likikwaruza. Tuliowahi kupeleka filamu dukani isafishwe na kungoja siku kadhaa tunakumbuka namna ilivyokulazimisha kutazama kwanza.

Mafunzo yenyewe huwa mafupi. Usimsogelee mtu chini ya hatua moja, maana sura itakuwa ukungu. Jua liwe mgongoni mwako, mpaka siku utakayotaka lisiwe hivyo. Washa flashi kivulini hata mchana. Toa kidole kwenye lenzi. Nusu saa imetosha.

London mradi unaofahamika zaidi ni wa Cafe Art, kundi lililoanza kwa kutundika kazi za wasanii wasio na makazi kwenye kuta za mikahawa. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2010 waligawa kamera 100 za Fujifilm kila kiangazi, kwenye Kanisa Kuu la St Paul's, huku wanachama wa Royal Photographic Society, chama cha wapiga picha cha Uingereza, wakitoa mafunzo. Mada ilikuwa moja kila mwaka: London yangu. Baada ya siku chache kamera zilirudishwa, filamu zikasafishwa, picha zikachujwa, na zilizopita zikaingia kwenye kalenda.

Hapa inafaa kueleza nani hasa anaitwa "asiye na makazi", kwa sababu msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi atamfikiria mtu mwenye boksi na blanketi, au chokoraa, neno ambalo ningependa tuliache. Uingereza jina hilo ni pana. Anayelala barabarani yumo, lakini yumo pia mama mwenye watoto wawili katika chumba cha hosteli alichopewa kwa muda, na kijana anayehama kochi la rafiki huyu kwenda kochi la rafiki yule. Wengi wanaohudhuria warsha hizi wana paa juu ya kichwa usiku huo. Wasichokuwa nacho ni mlango wao wenyewe wa kufunga. Mfadhili anayetarajia picha za maboksi na mablanketi hujikuta ameletewa kitu kingine.

Maana wanachopiga hakifanani na wanavyopigwa. Kalenda za London zimejaa mbwa, madaraja, vibanda vyekundu vya simu, vivuli, marafiki wakicheka. Kuna mwanga mwingi wa alfajiri ndani yake, na sababu yake si ya kishairi: aliyelala nje huamshwa na baridi, na wafagiaji, na mwenye duka anayetaka kufungua. Saa kumi na moja yuko macho katikati ya jiji ambalo mpiga picha mwenye kitanda ataliona saa nne. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini hujui pia dirisha lake linatazama wapi.

Mezani

Sasa tufike kwenye fundo lenyewe. Kamera 100, picha 27 kila moja, ni picha 2,700, kabla ya kutoa za kamera zilizopotea na filamu zilizoungua. Kalenda ina nafasi 13, miezi pamoja na jalada. Nani anachagua?

Anayechagua ndiye anayesema, hata kama hakubonyeza. Kwenye kalenda ya London majaji walichuja kwanza, kisha wapita njia wakapiga kura kwenye maonyesho. Kura inaonekana ya haki. Ila mpita njia anapigia kura picha ambayo angependa kuitundika jikoni kwa siku 31. Picha ya maji ya mvua yaliyoingia kwenye hema haitapata kura hizo, wala picha ya mlango wa ofisi ya halmashauri uliofungwa. Bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya, kalenda inavuta kuelekea uzuri. Silaumu, kwa sababu aliyepiga mapambazuko darajani naye alikuwa anasema jambo la kweli, na kalenda inayouzika ni fedha mkononi mwa anayeiuza. Nasema tu kwamba chombo cha kuuzia kinaichagua picha kabla ya jaji.

Utaratibu wa Wang ulikwenda njia nyingine. Hakuna mashindano. Kila mshiriki anachagua mwenyewe picha chache kati ya zake, anazileta kwenye kikao, kisha wote wanazijadili kwa maswali matano: unaona nini hapa, ni nini hasa kinachotokea, kinahusianaje na maisha yetu, kwa nini hali hii ipo, na tunaweza kufanya nini. Swali la nne ndilo lenye meno. Picha ya benchi la bustani lenye vyuma vya katikati inajibiwa haraka katika yale maswali mawili ya mwanzo: ni benchi, limegawanywa. Ukifika "kwa nini lipo hivi" unakuta kuna mtu alilinunua, kuna kikao kiliamua, na lengo lilikuwa watu wasijilaze. Mazungumzo hayo yanadaiwa kiasi na Paulo Freire, mwalimu wa Brazil aliyetumia michoro ya maisha ya kila siku kuwafundisha watu wazima kusoma huku wakihoji hali zao. Kisha picha na maneno hupelekwa kwa watunga sera, na kwa Wang hiyo ni sehemu ya kazi tangu mwanzo. Watunga sera hualikwa kabla picha ya kwanza haijapigwa. Yunnan kazi hiyo ilichangia kupatikana kwa malezi ya watoto wakati mama wakiwa shambani, mafunzo ya wakunga, na ada za shule kwa wasichana.

Maelezo chini ya picha nayo ni uwanja wa kupigania. Mshiriki akisema, "Huyu ni mbwa wangu, ananiamsha mtu akija," mhariri mwenye nia njema anaweza kuandika, "Urafiki katikati ya dhiki." Maneno ya kwanza yana habari. Ya pili yangeweza kuwekwa chini ya picha yoyote duniani.

Saini

Kisheria jambo liko wazi kuliko watu wengi wanavyodhani. Uingereza, chini ya sheria ya hakimiliki ya 1988, mwenye picha ni aliyeipiga, na haki hiyo hudumu maisha yake yote na miaka 70 baada ya kifo. Haijalishi nani alinunua kamera. Kwa hiyo shirika likitaka kutumia picha linahitaji karatasi, na hapo ndipo pa kusoma kwa makini: kuna karatasi inayotoa ruhusa ya kutumia picha kwa kalenda fulani, mwaka fulani, na kuna karatasi inayoikabidhi picha moja kwa moja na milele. Kwa mtu mwenye njaa aliyekaa mbele ya sahani ya biskuti zote mbili zinafanana.

Ridhaa ya mtu asiye na makazi ina ugumu wake. Anaweza kusaini akiwa amelewa. Anaweza kusaini kwa sababu anayemwomba saini ndiye mwenye ufunguo wa bafu. Mwanamke aliyekimbia mume mkatili anaweza kukubali kwa furaha leo jina lake liandikwe, kisha picha ikasambaa kwenye intaneti na kuonyesha kona anayokaa. Waendeshaji wazuri huomba ridhaa mara mbili: siku ya kuchukua kamera, na tena picha zikiwa mezani, mtu akiona hasa anachoruhusu. Wanamwachia pia nafasi ya kutumia jina la kubuni, au kuonyesha picha bila jina. Pale simu zinapotumika badala ya kamera za filamu, lazima kuondoa taarifa za mahali ambazo simu huzificha ndani ya picha. Bila hivyo umemwekea mtu ramani.

Halafu wapo waliomo ndani ya picha. Mshiriki akipewa kamera anakuwa mpiga, na jirani yake wa kibarazani anakuwa mpigwa. Kuwa maskini hakumpi mtu ruhusa ya kumpiga maskini mwenzake akiwa amelala. Warsha nyingi hufundisha hili kabla ya flashi: omba kwanza, au piga mikono, viatu, mzigo, kivuli.

Fedha nazo zinataka uwazi. Mfano unaoeleweka ni wa magazeti ya barabarani kama Big Issue, lililoanza London mwaka 1991: muuzaji ananunua nakala kwa nusu ya bei, anauza kwa bei kamili, tofauti ni yake. Kalenda nyingi za picha zimeuzwa kwa mtindo huo. Lakini tofauti hiyo inakwenda kwa muuzaji, na muuzaji si lazima awe mpiga picha. Mpiga picha analipwaje? Zawadi, asilimia, au "kujulikana"? Kujulikana hakununui nauli.

Aliyelikoroga swali la picha ni ya nani kwa namna ninayoipenda ni Anthony Luvera, msanii mzaliwa wa Australia anayefanya kazi Uingereza. Alipoalikwa kupiga picha kwenye makazi ya muda ya Krismasi ya Crisis, shirika la kusaidia wasio na makazi, huko London, mwanzoni mwa miaka ya 2000, alijibu kwamba angependa zaidi kuona watu waliopo pale wangepiga nini. Akaanza na kamera za kutupa. Baadaye akabuni njia nyingine: kamera kubwa kwenye stendi, flashi ya mkononi, na waya mrefu wa kubonyezea. Mshiriki anachagua mahali penye maana kwake, Luvera anamfundisha mitambo, wanapiga picha ya majaribio na kuijadili, kisha mshiriki anabonyeza waya mwenyewe, akiwa mbele ya lenzi. Wanachagua pamoja itakayoonyeshwa. Mara nyingi waya unaonekana kwenye picha, ukitoka mkononi na kupita chini. Ukiona waya unajua nani kabonyeza. Ni picha ya nani basi? Luvera haitatui hoja hiyo, ila anaiweka mahali kila mtu anaiona, na hilo ni uungwana kuliko kuifunika kwa neno "ushirikishwaji".

Baada ya maonyesho

Picha haitoi ufunguo wa nyumba. Wapo watakaokuambia kwamba kamera "ilibadilisha maisha", na kwa mmojammoja inawezekana, lakini kodi za nyumba London hazishuki kwa sababu ya kalenda. Kinachotokea kwa uhakika ni kidogo na kina thamani: mtu ana mahali pa kufika Jumanne saa nne, kuna anayemwita kwa jina lake, kuna kazi aliyoianza na kuimaliza. Luvera mwenyewe aliona kikomo hicho. Kwenye mradi wake mwingine, yeye na mwenzake aliyewahi kuishi bila makazi waliziandikia halmashauri za miji ya Uingereza maswali mepesi: nitalala wapi usiku huu, nitaoga wapi, nitakula wapi? Majibu, na ukimya, wakayatundika ukutani. Hakuna picha hata moja humo, na ni mwendelezo halali kabisa wa kazi ileile.

Hatari kubwa ni warsha inayokwisha siku divai ya uzinduzi inapokwisha. Mradi wa wiki sita unamzoesha mtu kusikilizwa, kisha unafunga mlango. Na hapa narudi Mathare. MYSA ilikuwapo tangu 1987, miaka kumi kabla ya kamera, ikiwa na ligi zake na utaratibu ambao timu inapata pointi kwa kufanya usafi mtaani pamoja na zile za kushinda mechi. Kamera ziliingia katika nyumba iliyokuwa na watu. Kijana aliyepiga picha vibaya wiki hii alikuwa na mazoezi wiki ijayo, na kocha aliyemjua mama yake. Miradi mingi ya Ulaya hufanya kinyume: inakusanya wageni kwa ajili ya kamera, na kamera ikiondoka wanabaki wageni.

Mwisho kuna shughuli ndogo ya posta. Mshiriki anastahili nakala za picha zake zote 27, zilizoungua pamoja na zilizopita, na anastahili negativu. Zinapelekwa wapi kwa mtu asiye na anwani? Waendeshaji waliokwisha kufanya hivi huandika namba kwenye kamera, huandika namba hiyohiyo kwenye daftari pamoja na kituo cha mchana ambako mtu huyo hunywa chai, na huacha bahasha pale mapokezi, imefungwa, yenye namba tu. Bahasha nyingine hukaa miezi. Mtu amehama mji, yuko hospitali, amepata chumba upande mwingine wa jiji. Wa mapokezi huzirudisha kabatini kila Ijumaa, na kuzitoa tena Jumatatu.